Nilinyolewa na Mlima

Wewe, umewahi kunyolewa na mlima? Usicheke, nakuuliza ukweli. Mimi nimenyolewa na mlima kichwa yote, kutoka kwa paji mpaka nyuma ya masikio, na damu haikutoka hata tone. Na mama yangu alinyoa watu wa laini nzima na huo mlima, na huo huo mlima karibu umfukuzishe kazi, halafu tena ndio ukamwokoa. Sasa ukishaelewa hiyo umeelewa yote, lakini ngoja nikuambie pole pole, maana nikienda mbio nitaruka mahali patamu.

Hiyo ni miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa kama miaka tisa ama kumi. Nani alikuwa anahesabu? Tulikuwa tunakaa kwa shamba ya mzungu, huku chini ya milima ya Eburru, ukiangalia mbele unaona ziwa ya Elmenteita inang'aa kama karai imeoshwa. Laini ndio tulikuwa tunaita zile nyumba za wafanyakazi, kwa sababu zilijengwa zimejipanga mstari mmoja, za udongo na nyasi. Yetu ilikuwa ya mwisho, karibu na korongo. Asubuhi ya baridi ulikuwa unaona moshi inatoka juu huko kwa mlima, na hakuna nyumba, hakuna moto. Ni ardhi yenyewe inatoa mvuke kwa mashimo. Mama alikuwa anasema, "Leo mlima imeamka mapema, imeshaweka chai." Mimi niliamini kabisa kwamba kuna mtu ndani anapika.

Sasa hiyo maneno ya kunyoa. Wembe ilikuwa kitu ya watu wako na pesa. Sisi tulinyoa na chupa. Chupa ikivunjika, mtu haitupi, anaokota kile kipande chembamba, kina makali, anaweka mahali watoto hawafiki. Unalowesha kichwa na maji ya moto na sabuni ya kipande, halafu kwaruu, kwaruu, mpaka inang'aa. Ilikuwa inauma! Chupa ya soda ilikuwa inauma kuliko zote, sijui kwa nini. Na hatukusema wembe, tulisema tu chupa. "Leta kichwa, chupa iko tayari." Mama ndiye alikuwa na mkono mzuri, kwa hivyo Jumapili baada ya kanisa wanawake wanajipanga hapo nje na watoto wao wanalia hata kabla hawajaguswa.

Na ile korongo ilikuwa duka yangu. Mvua kubwa ikinyesha, maji inatoka juu kwa mlima na kelele kama gari moshi, inakata ile udongo yetu. Ile udongo si udongo ya kushikana, ni majivu. Ukiikanyaga kavu inapuliza vumbi, ikilowa inaondoka na maji kama sukari kwa chai. Asubuhi yake nikienda napata kuta mpya zimekatwa, zimesimama wima, na unaona mistari. Chini nyekundu, halafu kijivu, halafu mstari mweupe pepepe kama unga, halafu kijivu tena, juu kabisa nyeusi yenye mizizi. Mimi nilikuwa nasema ni kama blanketi za wazungu, moja juu ya nyingine, na mtu amelala chini yake.

Kila mstari ulikuwa na kazi yake. Ile nyeupe tulichota na debe tukapaka nyumba, na nyumba ya udongo ikawa inapendeza kama kanisa. Kwa ile kijivu kulikuwa na mawe mepesi yenye vishimo vishimo, ukiweka kwa maji haizami, inaelea! Mama alisugua nyayo nayo. Mimi na wenzangu tulishindanisha, ya nani itafika mbali kwa mtaro. Jiwe inaelea, na hakuna mtu alishangaa. Sisi tulifikiri mawe ya dunia yote iko hivyo.

Basi mwaka mmoja, mvua ya kwanza ya masika, nikashuka kwa korongo nikaona kitu inawaka kwa jua. Nyeusi. Nikaokota. Ni chupa! Chupa nyeusi tii, ukiiinua kwa jua kwa ukingo inakuwa kama moshi, unaona mpaka upande ile ingine. Nikaona ingine, na ingine. Nikaweka kwa pindo ya nguo, nikapanda nakimbia.

"Mama! Chupa! Nimepata chupa mingi!"

Mama akashika moja akapitisha kwa nywele ya mkono wake. Zikaanguka kama hazikuwa zimeshikwa na kitu. Akaniangalia. "Hii ilikuwa ya pombe gani?"

"Sijui. Iko kwa korongo."

"Hao wazungu wanaowinda swara," akasema, "wanakunywa wakirusha chupa. Mungu awabariki na hiyo ulevi yao."

Jumapili hiyo kichwa yangu ilikuwa ya kwanza. Haki ya Mungu, sikusikia kitu. Nilikuwa nimekunja uso kungoja uchungu, na mama ananiambia, "Ondoka, umemaliza." Nilijipapasa nikapata kichwa laini kama yai. Tangu hiyo siku watoto waliacha kulia. Watu walianza kutoka mpaka laini ya shamba ya pili, wanauliza, "Yule mama wa chupa nyeusi ni nani?" Mama aliziweka kwa mkebe wa majani chai, juu ya mlango. Na unaona hapo sifa ndipo ilianza kutuletea shida.

Mama alikuwa anafua nguo kwa nyumba kubwa, anapiga pasi ya makaa, shuka za wazungu zote. Kwa dirisha ya sebule, memsahib, bibi ya yule bwana mzungu, alikuwa na chupa ya zamani, nene, nyeusi, iliyotoka kwao na meli. Ilikuwa ya nyanya yake. Alikuwa anatia humo maua. Mama aliijua vizuri, kwa sababu alikuwa anaambiwa kila wiki asiiguse.

Siku moja chupa haikuwa kwa dirisha.

Nyapara akaja laini. Nyapara ndiye mkubwa wetu, mwenzetu tu, lakini alikuwa na koti na filimbi, na hiyo filimbi ilikuwa imemfanya mrefu. Hakuuliza mtu mwingine. Alienda moja kwa moja kwa mlango yetu akainua mkono, akatoa mkebe. Akaufungua. Chang, chang, vipande vyeusi.

"Mama wa chupa nyeusi," akasema. "Wewe hata aibu huna. Unaiba unavunja, na bado unaita watu waje kuona?"

Mama hangeweza kubisha, unajua kwa nini? Kwa sababu hata yeye alikuwa anaamini ni chupa. Alisema tu, "Mtoto aliokota kwa korongo."

"Korongo!" Nyapara alicheka mpaka koti ikatingika. "Sasa korongo imefungua baa? Jumamosi chukua mizigo yako. Bwana ameshasema."

Leo ukiambiwa chukua mizigo unaenda Nakuru, unatafuta chumba Kaptembwo, maisha inaendelea. Wakati huo haikuwa hivyo. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, bila barua ya mzungu huwezi kutembea, na shamba ingine haikuchukui ukiwa umefukuzwa na neno ya wizi. Na si hiyo ndiyo ilimliza mama. Baba alikuwa amechukuliwa, amewekwa kambi, mwaka wa pili ukienda, na hatukujua ni kambi gani. Siku ile walimchukua aliambia mama kitu moja tu: "Msitoke hapa. Nikiachiliwa nitakuja hapa." Mama hakuwa anajua kuandika, na hata angejua, angetuma wapi? Tukiondoka kwa hiyo nyumba ya mwisho karibu na korongo, baba akirudi atapata mlango wa watu wengine. Mama alikaa kwa kigoda akisema pole pole, "Atatutafuta wapi? Atatutafuta wapi?"

Mimi ndiye nilileta hizo chupa. Mimi, na pindo yangu. Nikasimama mbele ya nyapara, na kichwa yangu ya kunyolewa, nikasema, "Mimi nitakuonyesha. Iko mingi. Hata ukileta gunia itajaa."

"Wewe nyamaza, kichwa ya yai."

Mama akainuka. "Nyapara, ni kutembea tu. Ukikosa, utakuwa umenyoosha miguu, na Jumamosi bado iko pale pale."

Sijui ni nini ilimwingia nyapara. Mimi nasema ni Mungu. Alisema ataambia bwana, na bwana, ambaye alikuwa mtu wa kupenda kuchungulia mashimo na kugonga mawe na nyundo, akachukua kipande moja, akakiinua kwa jua, akakiangalia sana. Akasema Ijumaa asubuhi twende.

Na Alhamisi mvua ikanyesha. Si mvua ya mchezo. Ijumaa tukifika kwa korongo, mimi mbele, mama nyuma yangu, nyapara na filimbi yake, bwana na nyundo, nikatafuta ile mahali yangu nikakosa. Ukuta wote ulikuwa umeanguka. Miti ya seng'enge ya bwana ilikuwa inaning'inia hewani na waya, kama nguo kwa kamba, ardhi yenyewe imeenda. Pale niliokota chupa kulikuwa na kilima ya majivu mbichi, imefunika kila kitu.

Nyapara akakunja mikono kifuani. "Haya, kichwa ya yai. Baa imefungwa?"

Niliangalia mama, mama anaangalia chini. Nikaangalia chini pia, basi, kwa aibu. Na hapo kwa miguu yangu, kwa mchanga, nikaona kakipande. Kadogo kama punje ya mahindi, keusi, kamesuguliwa mviringo hakana makali. Nikapiga hatua kadhaa kuelekea juu, mlimani, nikaona kengine, kama harage. Mbele tena, kama kidole. Na sasa kana kona.

Unaona, mimi nilikuwa nimecheza na hiyo korongo maisha yangu yote. Nilijua ile mawe inaelea tukiishindanisha mtaroni inafika chini ndogo na mviringo, na juu ni kubwa na mbaya mbaya. Maji inabeba, inagonga, inasugua. Kitu ikitoka mbali inafika imechoka. Kwa hivyo nikajiambia, ikiwa hapa iko kama kidole na ina kona, nyumbani kwake si mbali.

"Ni huku juu," nikasema.

"Tangu lini mwizi anaongoza njia?" nyapara akaguna. Lakini bwana alikuwa ameshainama, anaokota anaweka kwa kofia. Alisema na Kiswahili yake ya shamba, "Wewe kwenda. Mimi nataka ona."

Tukapanda. Sasa vipande ni kama ngumi. Kama mguu wa mtoto, na makali ya kukata nguo. Tukazunguka kona ya korongo, na mvua ya usiku ilikuwa imebomoa hapo pia, lakini hapo badala ya kufunika, ilikuwa imefungua. Mungu asante! Ukuta mzima, urefu ya mlango, mweusi, unang'aa. Jua ilikuwa imeupiga na sisi wote wanne tukajiona ndani yake, kama kioo ya kinyozi.

Nyapara alienda akashika kipande kikubwa avute, akasema, "Ayayaya!" akaweka kidole mdomoni. Mama, na shida yake yote, akashindwa kujizuia. "Pole. Chupa ya memsahib imekuuma?"

Bwana aligonga na nyundo yake. Kipande kikaanguka, kama mkate, na nusu moja ilikuwa chupa na nusu ilikuwa jiwe. Jiwe ya kawaida, kijivu, ya madoadoa, imeshikana na chupa bila mahali imeungwa. Aligeuza geuza hiyo kitu akaanza kucheka peke yake, akampa nyapara aishike. "Wewe ona. Nani natia mawe ndani ya chupa? Hii hapana chupa. Zamani sana mlima natapika moto. Moto naganda upesi upesi, nafanya hii. Hii chupa ya mlima." Halafu akageukia mama, akainua kofia kumpa heshima, ile kofia imejaa mawe, kwa hivyo ikamwagika, na akasema, "Wewe hapana kwenda Jumamosi."

Mama alikaa chini hapo kwa majivu, na nguo yake safi. Mimi nilidhani ameanguka. Alikuwa anacheka na kulia, anapigapiga ule udongo na kiganja, pa, pa, kama mtu anashukuru ng'ombe amekubali kukamwa.

Sasa utaniuliza ile chupa ya memsahib ilienda wapi. Wiki tatu baadaye, mpishi wa nyumba kubwa alituambia memsahib ameipata kwa sanduku ya mablanketi, mahali aliiweka mwenyewe siku ya kupaka sebule rangi. Je, alikuja kusema pole? Siku hiyo jioni mama alipewa sukari, mfuko mzima, nyeupe. Sukari ilikuja, neno haikuja. Mama aliiweka kwa meza akaiangalia, akasema, "Basi, tutakunywa pole yake kidogo kidogo." Ilituchukua mwezi. Na kwa dirisha ya sebule, pahali pa maua, bwana aliweka lile jiwe nusu kwa nusu, na mama akaambiwa tena asiliguse.

Na nyapara? Jumapili moja tukamwona amesimama kwa foleni ya watoto, bila filimbi. Aliketi kwa kigoda akatoa kofia. "Taratibu, mama. Hiyo kichwa nayo ni ya serikali."

"Serikali ina mba," mama akamwambia, na watu wakacheka mpaka kuku zikakimbia. Lakini alimnyoa vizuri, hakumkata hata mahali moja. Mama akimaliza, nyapara alipapasa kichwa yake, akaangalia na ya kwangu. Hakuniita tena kichwa ya yai. Angeniitaje, na tulikuwa tumefanana?

Baba alirudi mwaka uliofuata. Alikuja na miguu, jioni, kutoka upande wa barabara ya Gilgil, amekonda, na nywele na ndevu mpaka mbwa wetu akambwekea. Mimi nilikuwa mtaroni. Nilimwona anapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, haulizi mtu, haangalii kando, anahesabu tu milango mpaka ya mwisho karibu na korongo. Akasimama. Akaita jina la mama. Na mama akaitika kutoka ndani.

Hiyo sauti ya kuitika, mimi mpaka leo nikiikumbuka nasema asante. Nashukuru mama kwa kusema ni kutembea tu. Nashukuru mvua kwa kufungua ile kona. Nashukuru mpaka huo moto wa zamani, wenye ulitapika kabla mtu yeyote hajazaliwa wa kuuona, ukaganda upesi, ukatungoja. Kesho yake mama aliweka maji ya moto, akamketisha baba nje kwa jua, akamnyoa na chupa ya mlima, kichwa na ndevu, pole pole sana. Nywele zilikuwa zinaanguka na uso wa baba yangu unatokea.

Kipande hicho ninacho. Kimeisha kidogo kwa ukingo lakini bado kina ukali wake. Watoto wangu wote, nywele yao ya kwanza ilitolewa na hicho. Na watoto wao pia, wengi wao, isipokuwa hawa wa juzi wanaozaliwa na kupelekwa kwa mashine ya kunyoa.

Sasa mjukuu wangu ni msichana amesoma, anafundisha shule huku Dundori, na ana mimba ya kwanza, tumbo iko hapa mbele. Juzi alinikuta nikikipangusa. Akasema, "Shosho, hii inaitwa obsidiani. Ni lava imepoa haraka ikakosa nafasi ya kujipanga."

Nikamwambia, "Hiyo naijua. Ukiyeyusha sukari ukaimwaga kwa maji ya baridi, inakuwa kioo. Ukiiacha polepole, inarudi chenga chenga. Mlima ni sukari tu."

Aliniangalia mdomo wazi. "Nani alikuambia?"

"Nilikuwa na mfuko mzima nikajaribu. Mama alinichapa."

Alicheka mpaka akashika mgongo. Halafu nikamwomba ile kitu nilikuwa nataka kumwomba kutoka ajue ana mimba, na nilikuwa naogopa. Akasema, "Shosho, zii! Na vile mikono yako inatetemeka? Na viini vya ugonjwa? Daktari atanifukuza."

Nilimwambia tu hii hadithi, kama vile nimekuambia wewe, mpaka pale kwa mlango wa mwisho, pale mama anaitika. Akachukua ile chupa kwa mkono wangu, akaiinua kwa dirisha, akaona moshi ndani yake. Uso yake ikabadilika.

"Tutaichemsha kwanza," akasema. "Sawa? Tuichemshe kabisa. Halafu nywele yake ya kwanza utanyoa wewe, Shosho. Na mkono yako ikitetemeka, mimi nitaishika."